Trekta Jipya Linapotetemeka: Weka Spana Chini Kwanza

Katika vipindi vilivyopita tumeongea sana habari ya alizeti: nafasi kati ya mistari, palizi, na hao ndege wanaotusumbua ikianza kukomaa. Leo tugeukie mashine. Hapa mkoani kwetu Singida, kuanzia Manyoni mpaka Mkalama, trekta si kitu cha kushangaza tena. Tangu Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila ziliingia wilayani kwa wingi, na baada ya hapo vikundi na watu binafsi wameendelea kununua matrekta, wengine kwa fedha taslimu, wengi kwa mkopo.

Sasa, trekta jipya mmelileta kijijini, watoto wamelishangilia, mmelima ekari za kwanza. Mwezi wa Desemba, mvua imeshika, dereva anarudi anasema: "Jamani, hili trekta linatetemeka." Mtafanya nini?

Najua mtakachofanya, maana nimekiona mara nyingi. Mtamwita fundi wa jirani. Atasikiliza, atatikisa kichwa, atasema ni giaboksi, na kabla ya jua kuzama giaboksi itakuwa iko wazi chini ya mti. Siku hiyo hiyo dhamana yenu imekufa. Muuzaji akija atatazama nati zilizoguswa, atafunga kitabu chake na kuondoka. Hata kama kasoro ilitoka kiwandani, mtalipa wenyewe.

Kwa hiyo ninachotaka kukueleza leo ni hiki: unaweza kujua mtetemo unatoka wapi bila kufungua hata nati moja ya ndani, na ukijua hivyo, ukaandika, ukapeleka taarifa mapema, muuzaji hana pa kukwepea. Mvua yetu ni msimu mmoja tu. Inaanza Novemba au Desemba, inakatika Aprili. Trekta likilala wiki tatu katikati ya msimu, majirani mliowaahidi kuwalimia watakwenda kwa mwingine, lakini rejesho la mkopo litakuja tarehe ile ile.

Tuanze na dhamana yenyewe. Dhamana, au waranti kama wanavyosema madukani, ni ahadi ya maandishi kwamba kitu kikiharibika kwa kasoro ya kiwandani, wao watatengeneza bila malipo. Ahadi hiyo ina mipaka miwili: muda na saa za kazi, na ule utakaotangulia ndio unaohesabiwa. Tuseme karatasi yako inasema mwaka mmoja au saa 1,000. Wewe unasoma "mwaka mmoja" unafurahi. Lakini trekta la kukodisha likifanya kazi saa 10 kwa siku, saa 1,000 zinaisha kwa siku 100. Mwaka haujafika hata nusu! Basi itazame mita ya saa kila jioni, uandike. Na mita ikiharibika, toa taarifa siku hiyo hiyo, maana trekta lenye mita iliyokufa linatia shaka kwamba mwenyewe ameichomoa.

Haya, tuje kwenye mtetemo. Kila mashine ya kuzunguka inatetemeka kidogo. Tunachotafuta ni mtetemo mpya, ule ambao jana haukuwepo. Usianze kwa kuuliza kimeharibika nini. Uliza kwanza: mtetemo huu unafuata nini? Unafuata mzunguko wa injini? Unafuata mwendo wa magurudumu? Au unakuja pale tu trekta linapobeba kazi? Ukishika maswali haya matatu, umeshika nusu ya ufundi.

Kabla ya majaribio, zunguka trekta likiwa limezimwa. Tazama nati za magurudumu. Trekta jipya nati zake hulegea katika siku za mwanzo, na kitabu chake kinakuagiza uzikaze. Pima upepo wa matairi ya nyuma, uwe sawa kulia na kushoto na uwe ule ulioandikwa kitabuni. Kupiga teke siyo kupima. Ondoa udongo ulioganda ndani ya ringi. Udongo wetu wa mbugani ukikauka ndani ya ringi upande mmoja, unakuwa kama jiwe lililofungwa kwenye gurudumu, na mtetemo wake barabarani unatisha. Chungulia kama kuna kamba ya katani au waya umejizungusha kwenye shafti. Tazama raba zinazoshikilia injini kwa zile zinazoonekana, na bolti zake. Kama trekta lilikaa miezi bila kutembea, matairi yanaweza kuwa yamebonyea upande mmoja. Yatatetemeka kilometa za kwanza, halafu yatatulia.

Haya madogo yafanye kweli, usiyapuuze. Fundi wa kampuni akisafiri kutoka Dodoma au Arusha akakuta ni udongo kwenye ringi, karatasi nyingi za dhamana zinasema gharama ya safari ni yako.

Jaribio la kwanza: trekta limesimama, breki ya mkono imevutwa, gia iko frii. Washa, acha injini ipate moto. Ongeza mafuta polepole kutoka chini mpaka juu, halafu shusha. Mtetemo ukiwepo hapo, magurudumu hayahusiki, kwa sababu hayajazunguka hata mara moja. Umebaki na injini, feni, flaiwili, au klachi. Sikiliza mlio: injini inayoruka-ruka na kutoa moshi mweupe hata baada ya kupata moto, huenda silinda moja haichomi vizuri. Fundi wa kijijini hapo atataka kulegeza nati za bomba za nozo, moja moja, ili ajue ipi haifanyi kazi. Ni njia ya kweli, mafundi wanaitumia, lakini wewe uikatae. Kwanza umegusa mfumo wa mafuta ulio chini ya dhamana. Pili, dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo inapenya ngozi ya mkono kama sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono.

Jaribio la pili, bado umesimama. Mtetemo ukiwepo, kanyaga klachi mpaka chini huku injini ikizunguka mwendo ule ule. Mtetemo ukibaki vilevile, uko upande wa injini na flaiwili. Ukipotea au ukibadilika, uko upande wa pili, yaani pleti ya klachi, beringi zake, au shafti inayoingia kwenye giaboksi. Jaribio hili ni la nusu dakika tu, wala halina gharama.

Kuna mtetemo mwingine wa klachi ambao hauonekani ukiwa umesimama. Unaweka gia, unaachia klachi polepole, trekta linaanza kuondoka kwa kutetemeka kama mbuzi anayevutwa na kamba, halafu likishika mwendo linatulia. Hapo klachi haishiki sawasawa. Sababu ya kwanza ni dereva anayepumzisha mguu juu ya klachi kutwa nzima. Huyo anaunguza pleti, na dhamana haimhusu. Sababu ya pili ni oili iliyoingia kwenye pleti. Piga magoti utazame chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapoungana na giaboksi. Matrekta mengi yana kitundu hapo. Ukiona oili inadondoka kwenye kitundu, umepata jambo kubwa, na nitalirudia mbele.

Jaribio la tatu ni la barabarani. Tafuta barabara tambarare, iliyo wazi, bila tela wala plau, na awepo dereva mwenye uzoefu. Kama trekta linaendesha na magurudumu ya mbele, hakikisha gia ya mbele umeitoa. Trekta likitembea barabara ngumu na gia ya mbele imeingia, linajipinda lenyewe na kuruka-ruka, na hiyo si kasoro bali ni kosa la dereva. Sasa tembea mpaka mtetemo utokee. Shika kichwani unakwenda mwendo gani. Halafu badilisha gia, lakini tembea mwendo ule ule. Ukitumia gia ya juu, injini inazunguka taratibu, ukitumia gia ya chini, injini inakwenda mbio, magurudumu hayabadiliki.

Unaona maana yake? Kama mtetemo umebaki kwenye mwendo ule ule wa barabara bila kujali gia, basi ni magurudumu, matairi, au ekseli. Kama umehama na kuufuata mzunguko wa injini, rudi kwenye injini na klachi. Kama uko kwenye gia moja tu na gia nyingine zote ni salama, hapo ndipo unapoweza kusema neno "giaboksi" bila kubahatisha. Ukitaka kuhakikisha, ukiwa bado kwenye tambarare kanyaga klachi trekta likitembea, uache injini ishuke. Mtetemo ukiendelea wakati injini imetulia, ni wa magurudumu. Lakini nakuomba, jaribio hili usilifanye kwenye mteremko. Trekta lililoachiwa kwenye mteremko, hasa lenye tela, limeua watu wengi.

Na usishangae trekta likinguruma kidogo kwenye lami. Zile kashata za matairi ya nyuma zimetengenezwa kwa ajili ya udongo. Ukiwa na mashaka, omba trekta la aina ile ile la jirani, upande, ulinganishe.

Jaribio la nne linahusu pitio, yaani ile shafti inayochomoza nyuma na kuzungusha mashine ya kupura, ya kukoboa au pampu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapoona makosa mengi wakati wa kupura alizeti na mtama.

Kwanza ondoa shafti ya mashine kabisa, uwashe pitio ikiwa tupu. Ikiwa tulivu, trekta lako halina neno. Tatizo liko kwenye shafti au kwenye mashine yenyewe. Zima injini, chomoa ufunguo uweke mfukoni, ndipo usogelee. Tazama ile shafti ndefu yenye krosi mbili, moja kila upande. Shafti hiyo ni vipande viwili vinavyoingiana. Kwenye kila kipande kuna uma unaoshika krosi. Uma hizo mbili za katikati lazima zitazame upande mmoja: hii ikiwa imesimama, na ile imesimama. Mtu akitenganisha shafti ili apige grisi, halafu akairudisha bila kuangalia, uma moja inasimama na nyingine inalala. Hapo mwendo unaotoka mwisho wa shafti unakuwa wa kusukuma na kuachia, mara mbili katika kila mzunguko, na trekta zima linatetemeka. Hakuna kilichovunjika! Chomoa, geuza, rudisha. Tazama pia kwamba mashine imekaa usawa na trekta, ili kona ya krosi ya mbele na ya nyuma zifanane. Trekta lililoegeshwa upande upande linaila krosi kama mchwa.

Pitio ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika. Hiyo ni mara 9 katika sekunde moja. Shafti ikikamata ncha ya kanga au mkono wa shati, inavuta karibu meta mbili za nguo katika sekunde hiyo hiyo, na wewe ukiwa ndani. Kifuniko cha shafti kilichokuja nayo kisitolewe, hata kama kinapiga kelele.

Kuna jambo jingine hapo hapo, na ninaomba madereva wanisikilize. Shafti nyingi zina bolti dhaifu iliyowekwa makusudi ikatike mashine ikikwama. Ikikatika mara mbili, dereva anachoka, anakata kipande cha nondo anakipiga nyundo badala yake. Siku mashine ikikwama tena, nondo haikatiki. Pigo lote linakwenda kwenye gia za trekta. Fundi wa kampuni akiona nondo hiyo, maneno yamekwisha. Nunua bolti zinazotakiwa 10, uziweke kwenye sanduku la vifaa.

Nimeona kikundi kimoja upande wa Iramba kikilipia jambo la namna hii. Trekta lao lilikuwa na saa 212 tu, likaanza kutetemeka wakati wa kupura. Wakamwita fundi, akafungua giaboksi chini ya mkwaju, siku ya upepo, vumbi linaruka. Hakuona kitu. Akafunga kwa gundi. Kampuni iliyowauzia ilipopewa taarifa, ilikataa kwa sababu giaboksi ilikwisha kufunguliwa. Baadaye ikaonekana kwamba mtetemo ulikuwa wa uma za shafti tu, zilizorudishwa vibaya siku ya kupiga grisi. Lakini mchanga ulioingia siku ile ulikwisha kazi yake ndani ya beringi, na msimu uliofuata waliuza magunia 40 ya alizeti kulipia matengenezo. Shafti yenyewe ingegeuzwa kwa robo saa.

Kuhusu oili, unaruhusiwa kutazama kijiti cha kupimia, na utazame. Katika matrekta mengi oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo inayonyanyua plau, na ndiyo inayopoza breki. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe za chuma zinazometameta, kuna kitu kinasagika. Chukua kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, andika tarehe na saa za mita, ufunike. Na uweke oili ya aina iliyoandikwa kitabuni tu. Oili ya kubahatisha inafanya breki zilizozama kwenye oili zitetemeke na kulia, hata kama breki zenyewe ni mpya.

Wenzetu wenye magari ya gia otomatiki ya kubebea mazao, neno hili la oili linawahusu nyinyi zaidi. Gari la namna hiyo halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo kama bakuli mbili zinazotazamana, zimejaa oili. Moja ikizunguka inasukuma oili, oili inasukuma ya pili. Ndani yake mna klachi ndogo inayojifunga gari likishika mwendo. Oili ikichakaa, au ikiwekwa isiyo yake, klachi hiyo inashika na kuachia, na wewe unahisi kama unapita juu ya rasta barabarani, huku umekanyaga mafuta kidogo tu na gari liko kwenye mwendo wa kawaida. Barabara ikiwa wazi, gusa breki kidogo sana bila kuachia mafuta. Klachi hiyo inajifungua, na mtetemo ukipotea palepale, chanzo umekipata. Magari mengi ya namna hii tunayanunua yakiwa yametumika na hayana tena dhamana ya kiwanda, kwa hiyo yale muuzaji anayokuahidi kwa mdomo yadai kwa maandishi kabla hujalipa.

Wenye pawatila msije mkaogopa bure. Injini ya silinda moja inatetemeka tangu kuzaliwa kwake. Nyinyi kila asubuhi kazeni bolti zinazoshika injini kwenye fremu, na tazameni mikanda: ikibadilishwa, ibadilishwe yote pamoja. Pawatila ikitetemeka mara tu baada ya kubadilisha visu vya kulimia, jueni visu vya kulia na vya kushoto vimechanganywa. Virudisheni kwa mpangilio wa kitabuni.

Sasa umepata jibu, na linaonyesha kasoro ya ndani. Usiendelee kulima "tumalizie hizi ekari mbili". Ukiendelea kutumia mashine unayojua ni mbovu, umempa muuzaji sababu ya kukataa. Simamisha, piga simu siku hiyo hiyo, halafu andika barua. Simu haina ushahidi. Barua iandike kwa lugha ya kawaida, namna hii:

"Mimi, au sisi kikundi cha fulani, kijiji cha fulani, wilaya ya fulani, tulinunua kwenu trekta la aina fulani tarehe fulani, kwa risiti namba fulani. Namba ya chasisi ni hii, namba ya injini ni hii. Huduma ya kwanza ilifanywa tarehe fulani, mita ikisoma saa kadhaa. Leo tarehe fulani, mita inasoma saa kadhaa. Trekta linatetemeka likianza kuondoka, kwa gia zote. Likisimama halitetemeki. Tumekagua nati na upepo wa matairi, viko sawa. Oili inadondoka chini ya nyumba ya klachi. Hatujafungua kitu. Tumelisimamisha, nalo liko kijijini. Tunaomba fundi wenu aje kwa mujibu wa dhamana, na mtujibu kwa maandishi atakuja lini."

Huna haja ya kumwambia ni beringi gani. Mwambie ulichoona, atakosa pa kupindisha. Barua iwe nakala mbili. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa, au upige picha kwa simu na kuituma ili tarehe ionekane. Ambatisha nakala ya risiti. Na risiti hizi za mashine za EFD, wino wake unafutika kwa joto. Ukiiweka kwenye sanduku la bati, baada ya miezi michache utakuta karatasi nyeupe. Itoe fotokopi siku ile ile uliyonunua. Kama trekta ni la mkopo, huenda kwa karatasi mwenye mali bado ni benki au kampuni ya mkopo. Wapelekee nakala, maana nao hawataki trekta walilolipia lilale.

Tazama vilevile rekodi ya huduma. Viwanda vingi vinataka huduma ya kwanza ifanyike mapema, mara nyingi kwenye saa 50, kwa fundi wanayemtambua. Wakulima wengi wanairuka kwa sababu trekta bado linang'aa. Hiyo ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kukunyima haki yako.

Muuzaji atakuambia: klachi ni kitu cha kuchakaa, haimo kwenye dhamana. Ni kweli kwamba pleti za klachi, mikanda, chujio na matairi kwa kawaida havimo. Lakini uliza: imechakaa kwa sababu gani? Mama mmoja wa Ikungi alijibiwa hivyo hivyo. Alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika tarehe aliyoona tone la kwanza la oili chini ya nyumba ya klachi, saa za mita, na kwamba mtetemo wa kuondoka ulianza siku 6 baadaye. Oili ile ilitoka kwenye sili ya nyuma ya injini, na sili ile imo kwenye dhamana. Pleti haikuchakaa, iliharibiwa na sili. Walibishana wiki mbili, wakabadilisha sili, na pleti pia, bila malipo. Bila lile daftari angelipa pleti, na sili ingeendelea kuvuja.

Fundi wa kampuni akifika, dereva aliyeuona mtetemo awepo. Mwombeni autoe mtetemo mbele yenu kabla hajafungua kitu, na akimaliza, arudie majaribio yale yale. Karatasi yake ya kazi isomeni kabla ya kutia sahihi: imeandikwa ameona nini, amebadilisha nini, na trekta limelala siku ngapi. Ombeni mwone vipuri vya zamani vilivyotolewa.

Na kama wanakataa au hawajibu? Nchi yetu ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyopo tangu enzi za mkoloni. Inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani, na akategemea utaalamu wa muuzaji, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Ukiingia dukani ukataja jina la trekta tu na kulipa, hoja yako inakuwa dhaifu. Useme: "Nataka la kulima mbuga na kuendesha mashine ya kupura," na maneno hayo yaandikwe kwenye ankara. Sheria hiyo hiyo inamhesabu mtu aliyekaa na mali muda mrefu bila kulalamika kuwa ameikubali. Lakini pia mkataba unaweza kupunguza haki hizo, kwa hiyo usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mpelekee kwanza mtu anayeielewa.

Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, yenye kazi ya kumlinda mlaji. Mkulima aliyenunua mashine kwa biashara aulize kwanza kama shauri lake linaingia huko. Wasaidizi wa kisheria walioko wilayani wanaweza kukusaidia kuandika barua ya pili, ile ya kudai. Na kabla hata ya kununua, muulize muuzaji kama aina ya trekta lake imepimwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoko Arusha. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1981, na kupima zana ni moja ya kazi zake. Muulize vilevile fundi wake wa karibu yuko wapi, na vipuri viko mji gani. Muuzaji asiyekuwa na fundi karibu kuliko Dar es Salaam, dhamana yake itakufikia Machi, wakati wa kulima umekwisha.

Kwa leo, chukua daftari, uandike namba ya chasisi, namba ya injini na saa za mita, kabla giza halijaingia.